Akiba Iliyooza

Nabuyonga, Mbale, saa tisa alasiri. Wewe uko kwa Mama Rehema unasukwa nywele.

Mwanangu Khainza,

Nimeiona karatasi yako. Miaka ishirini na mbili ya ulinzi wa gereza nimepekua wanaume waliokuwa wakificha nyembe ndani ya mkate na misumari ndani ya soli ya kiatu, na mmoja, haki ya Mungu, alificha simu mahali ambapo sitakuandikia wewe. Halafu wewe ndiye ukadhani utanificha kitu ndani ya soksi?

Nilifungua sanduku lako nitie lile blanketi la kambini. Nikaona soksi imevimba. Ndani yake karatasi ya daftari imekunjwa pembe tatu, ncha imechomekwa ndani kama bahasha. Nikaifungua. Dawa zako za tumbo za siku mbili za mwisho, umezitoa kwenye pakiti kabla hata hujazifikia.

Nilikaa juu ya kitanda chako, mimi ambaye sikukaa hata siku ile radi ilipopiga mnara nikiwa juu yake. Sikuhitaji kuuliza nani alikufundisha. Mbale nzima hakuna mwingine anayekunja dawa pembe tatu. Mkunjo ule ni wangu. Na kukata akiba kwanza kabla ya kutumia, hiyo pia ni yangu.

Basi nakuandikia. Ningeweza kungoja urudi niseme, lakini unanijua: mdomo wangu ukianza kusema unaongeza chumvi, na kufika jioni tungekuwa tunacheka. Sitaki tucheke. Nakuandikia Kiswahili, si Lumasaba, kwa sababu Lumasaba ni ya kubembelezea mtoto na kulilia maiti. Kiswahili tulilishwa kambini kwa amri, na wewe ulikulia mle. Watu wa mji huu wakikisikia bado wanakumbuka bunduki. Vizuri. Leo nataka kikumbushe bunduki.

Habari za basi, na shuka, na kuwaamkia wakubwa wa chuo, na wavulana wa Jinja, anti yako Kakai ameshakuimbia mpaka kuku wamezikariri. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni la kisasi.

Nianze na kopo. Unalijua lile kopo la maziwa ya unga lililokuwa juu ya kabati tangu ulipokuja kwetu kusoma ukiwa na miaka sita, meno mawili yameng'oka, kamasi tele. Hukuambiwa lilianzia wapi. Lilianzia juu ya mnara wa ulinzi. Afande wangu wa kwanza alinifundisha kwamba mlinzi wa mnara hapigi risasi ya mwisho. Mjinga anamaliza zote, mwenye akili anabakiza. Nikalipenda neno hilo kuliko mshahara. Mimi mtu wa darasa la saba, darasa nililolisoma mara mbili kwa kulipenda, nikaona hii ndiyo elimu yenyewe. Nikaipeleka kwenye dawa. Nikipewa vidonge vya siku saba, nakata vya siku tatu vinaingia kopo kwanza. Akiba haiozi!

Na kopo lilijaa. Vilikuwamo vile vya njano vichungu vya kuhara, vile vya rangi mbili vya kifua na vidonda, na vyeupe ambavyo hata mimi nilisahau ni vya nini lakini nilivigawa. Kambi nzima iliniita Dokta Kopo. Usidhani nilichukia. Wake za wakubwa walituma watu kwangu. Mtoto anaharisha, njano mbili. Mtu anakohoa, rangi mbili, mbili. Walikuwa wanapona, Khainza, na mimi nilikuwa natembea kambini kifua mbele kama nimeumba mapafu yao. Miaka mingi baadaye nesi mmoja aliniambia, "Afande, kuhara kwingi kunapita kwenyewe. Na mafua hayakusikii, hata uyapige bomu." Nilimwangalia yule binti nikajiona nimevuliwa kofia mbele ya gwaride.

Mama yako Nandutu alikuwa dada yangu wa tumbo moja, na aliniamini kuliko hospitali. Unakumbuka meza yake pale Bugembe, kando ya barabara kuu, chapati na mayai, foleni ya madereva. Tumbo lilipoanza kumwaka alidhani ni njaa ya kazi. Nikamtumia pembe tatu kwa kondakta wa basi. Likatulia, likawaka. Nikatuma tena. Mwisho akaenda Jinja, wakampima, wakamwambia ana kijidudu kinaishi ndani ya tumbo lenyewe, mle kwenye asidi inayoyeyusha mfupa wa samaki, kinachimba vidonda. Wakampa dawa aina tatu, siku kumi na nne.

Siku ya sita akanipigia simu. Sitaisahau sauti yake, ilikuwa na furaha. "Kaka, moto umezima kabisa! Nimekula mpaka pilipili. Sasa hizi zilizobaki nifanyeje?"

Nilicheka. Nikamwambia, "Nandutu, wewe si mtoto wa baba yetu? Akiba haiozi."

Hayo ndiyo maneno yangu. Sijapata kumwandikia mtu. Nilimweleza kasisi wakati wa matanga lakini nilimwambia kwa mafumbo, akadhani nazungumzia mahindi.

Baada ya miezi michache moto ukarudi. Akazitoa zile za akiba, akazinywa. Ukamcheka, ule moto. Wakampa dawa zile zile upya, safari hii akamaliza zote, hazikufanya kitu. Daktari akamwambia, "Mama, hawa wameshazoea." Walikuwa wanamtafutia dawa za aina nyingine asubuhi ile alipotapika kitu cheusi kama mashapo ya kahawa. Wewe ulikuwa huku kwetu, kwenye mtihani. Madereva wa Bugembe ndio waliombeba hospitali.

Na mimi nilipopanda gari Mbale kwenda kwake, unajua nilibeba nini? Nilibeba kopo. Nililishika mapajani njia nzima, napita Iganga, nahesabu moyoni ni ipi nitampa kwanza. Nilipofika alikuwa amefunikwa.

Pale kwenye veranda ya hospitali mama mmoja wa maabara, mnene, miwani imening'inia kifuani, akasimama mbele yangu. "Mzee, hiyo ni nini?"

"Akiba."

"Akiba ya nani?"

"Ya familia."

Hakucheka. Alitazama ndani ya kopo muda mrefu. Akanishika mkono kama kipofu, akanipeleka dirishani, akanionyesha kisahani cha plastiki. "Vijidudu hawa si wa dada yako," alisema. "Wake ni wagumu kuotesha. Hawa ni wa mgonjwa mwingine, lakini tabia ni moja." Vijidudu vilikuwa vimeota kama ukungu juu ya ugali wa posho uliolala. Juu yao ameweka vipande vya karatasi vyenye dawa, vidogo kama vifungo vya shati. Penye dawa inayowaweza palikuwa na duara safi kama uwanja wa gwaride, hakuna hata mmoja anayethubutu. Halafu akanionyesha kifungo kimoja. Wameota mpaka ukingoni, Khainza. Wameiegemea ile karatasi kama wafungwa wanaoota jua ukutani, hawana habari na mlinzi.

"Na hii ni dawa gani?"

"Jamii ya rangi mbili, mzee. Hiyo uliyoishika."

Nilitaka kumpiga mtu. Ni kweli, na sioni haya. Kwa hiyo baada ya mazishi nilichukua fimbo yangu ya gwaride nikaenda kwa Patrisi, huyu wa duka la dawa hapa mtaani tunayemwita Musawo, yaani daktari. Mimi dawa za kopo zilipopungua nilinunua kwake. Nikasimama mlangoni. Mtaa ukajaa.

"Toka nje, muuaji!"

"Afande, karibu. Wewe naumwa?"

"Umemuua dada yangu! Unauza dawa mbilimbili kama karanga!"

Akafuta mikono polepole. "Mimi nauza vile mtu naomba. Na wewe ulikuwa naomba nini hapa? Sema, watu wasikie." Nikaigonga fimbo mlangoni. "Basi mimi nasema. Wewe nasema, Musawo, lete sita, mbili ya leo, nne ya kopo. Mimi nakuambia, afande, dozi ni siku saba. Halafu wewe najibu nini?"

Nyuma yangu Mama Rehema, huyu huyu aliyeshika kichwa chako sasa hivi, akapaza sauti, "Akiba haiozi!"

Watu wakacheka. Walicheka kwa mazoea, kama walivyozoea kucheka mimi nikisema. Nikavunja kioo cha kabati lake kwa fimbo. Halafu nikapiga magoti, nikaokota vipande kimoja kimoja, na Patrisi akaniletea ufagio, na hilo ndilo lililonichoma kuliko yote.

Usidhani nimemsamehe. Alijua na aliuza. Kama mimi ni mwizi, yeye alishika ngazi. Kwa hiyo nikatafuta kisasi cha mtu mwenye mafunzo. Unaniona kila asubuhi nabeba kiti na filimbi, ukadhani uzee umeanza. Nakaa mbele ya duka lake, ng'ambo ya barabara, mahali pa serikali, hawezi kunifukuza. Mtu akitoka na dawa mbili kwenye karatasi, napiga filimbi. Ile ya kutoroka mfungwa, ya pumzi moja, inasikika mpaka msikitini. Mtu anashtuka, anarudi ndani. Wiki ya kwanza Patrisi alivuka barabara. "Afande, wewe naniua."

"Ndiyo," nikamwambia, "lakini polepole, na kwa dozi kamili."

Sasa hata bibi kizee akiomba mbili anamwambia nenda kwanza ukapimwe, huku anachungulia kama nimeinua filimbi. Hatusalimiani. Na siku moja moja, Mungu anisamehe, napiga tu bila sababu nione anavyoruka.

Lakini kisasi cha Patrisi ni cha kupitisha asubuhi. Ngoja nikuambie kile chenyewe.

Unaijua hadithi yangu ya wafungwa watano. Umeisikia mara elfu, umewasimulia wenzako shuleni. Watano walitoroka shambani, nikawakimbiza peke yangu mpaka mto Manafwa, maji ya kifua, nikawarudisha wote watano wamefungwa kwa mkanda wangu mmoja, suruali nimeishika kwa meno.

Niliwashika wanne.

Wa tano nilimwona. Alikuwa amelala kwenye matete, amechoka, hatua hamsini, labda sitini. Nami nilichoka. Nikasema moyoni, wanne wanatosha, huyu hata akiishi atafanya nini peke yake? Nikageuka. Kambini afande mkuu akaniuliza, "Sajini, wangapi?" Nikapiga saluti. "Wanne, afande!" Akaniambia, "Mimi sikuuliza uliowashika. Nauliza waliobaki." 

Baada ya msimu mmoja wa mvua, yule wa tano alirudi karibu na ua. Safari hii alijua filimbi yangu, alijua napitia njia gani, alijua nachoka wapi. Akawatoa tisa usiku mmoja, na hao hatukuwapata hata mmoja. Wale wanne dhaifu niliowashika ndio niliojisifia miaka yote. Aliyebaki ndiye aliyejifunza.

Sasa soma polepole. Siku ya sita mama yako alipopona, wale dhaifu walikuwa wamekufa. Vijidudu waliobaki ndio yule wa tano. Mimi ndiye niliyemwambia ageuke.

Na kijidudu hiki, nesi alinieleza, mtu hukipata utotoni, nyumbani, mikononi, majini, sahani moja. Hakuna anayejua nani alimpa nani. Ulipoanza kushika tumbo mwaka huu, nikakupeleka upimwe, nikapimwa na mimi, mzee aliyebeba bendera kwenye gwaride akabeba kikopo cha choo barabarani watu wanamwamkia. Tukakutwa nacho wote wawili. Nilianza kabla yako kwa sababu wewe ulikuwa na mitihani. Zile dawa zilinifanya mdomo kama nimelamba kufuli siku kumi na nne. Nilitapika. Nilimtukana daktari kwa lugha nne. Siku ya saba tumbo lilitulia kama ziwa, na mkono wangu huu, nakuapia, ukaenda wenyewe kutafuta karatasi ya kukunja. Nikaupiga kofi. Nikamaliza. Baada ya miezi miwili wakanipima tena: hakuna. Nilitoka pale nikimtafuta mtu wa kumpigia saluti.

Kwa hiyo ujue uliyembeba. Huenda ni ukoo ule ule, Khainza. Huenda aliyemmaliza mama yako yumo ndani yako, anakula unachokula, kesho atapanda basi kwenda Jinja bila tiketi. Mimi nimemchukia mpaka nikiona ukungu kwenye posho nasimama. Nimemwota ana uso. Na leo, siku ya tano ya dawa, wakati tumbo limeanza kutulia na yeye amelala kwenye matete amechoka, wewe umemkatia siku mbili za kupumzika ukazificha ndani ya soksi. Kwa mkunjo wangu.

Huko unakokwenda watakufundisha kuotesha vijidudu kwenye visahani. Utajua mambo haya kuliko mimi, utanisahihisha, na nitakataa mbele ya watu kisha nitakubali peke yangu. Ukiviona vimeegemea kile kifungo, kumbuka kwamba havikuzaliwa na kiburi hicho. Vimefundishwa. Walimu wao ni watu wenye nia njema na kopo.

Kopo lenyewe halipo tena juu ya kabati. Nilitaka kulitupa chooni, nesi akanipigia kelele kwamba hata vijidudu vya huko chini vitajifunza. Nikazipeleka dawa zote hospitali, wakazipokea kwenye ndoo ya kuharibia. Kopo tupu nimekutilia kwenye sanduku, chini ya blanketi. Ngoja nikuambie la nini.

Kila mwaka walitupeleka kulenga shabaha. Hili ni kweli, muulize yeyote. Wanakupa risasi zako, unapiga, halafu unapiga magoti kwenye nyasi kuokota maganda, kwa sababu mtu wa ghala la silaha hapokei maneno. Humwambii "nimepiga zote." Anataka maganda, idadi ile ile uliyopewa. Mwaka mmoja nilipungukiwa ganda moja, nikatambaa nyasini toka asubuhi mpaka jua likazama, wenzangu wananizomea toka kwenye lori. Nilijifunza la mnara, mwanangu, nikasahau la nyasi.

Nimezirudisha dawa zako za siku mbili mahali pake ndani ya pakiti, mwisho kabisa, nikazibana kwa utepe. Karatasi ya pembe tatu nimeichoma jikoni, anti yako akaniuliza nalia nini nikamwambia ni moshi. Utakunywa asubuhi na jioni, tumbo likiwaka na likitulia, hata mdomo ukigeuka kufuli. Ukitapika au ukasahau moja, usijitungie dawa kama mjomba wako. Uliza hapo hapo.

Usinipigie simu kuniambia umemaliza. Mama yako alinipigia simu. Zile karatasi za bati zilizobaki ukishatoa vidonge, zote, zitie ndani ya kopo, ulifunge, umpe kondakta wa basi la Mbale. Mimi nitakuwa stendi siku ya kumi na tano tangu uanze dawa, na filimbi yangu shingoni. Nitalifungua pale pale mbele ya watu na kuhesabu.

Nataka maganda, Khainza. Yote.

Mjomba wako,
Sajini mstaafu, aliyewashika wanne